Mnasihi wa Mwanafunzi Asiye na Uwezo na Kazi ya Kutafuta Mlango wa Pili

Ifuatayo ni mada iliyotolewa kwa wakuu wa shule na walimu wa ushauri na unasihi wa shule za sekondari za kata, katika kikao kazi kilichofanyika kwenye ukumbi wa halmashauri. Inachapishwa kwa ukamilifu ili watendaji wa kata na vijiji, wazazi na walezi nao wapate kuisoma.



Katika kila shule ya sekondari ya kata yupo, au anapaswa kuwapo, mwalimu aliyeteuliwa kuwa mnasihi. Mara nyingi uteuzi wake huja kwa barua fupi, pasipo kupunguziwa vipindi wala zamu. Huendelea kufundisha na kusahihisha madaftari kama wenzake, hadi siku wanafunzi wa Kidato cha Nne wanapomjia na fomu ya kuchagua tahasusi na vyuo, wakiuliza: "Mwalimu, hapa nijaze nini?" Mada hii inamhusu mwalimu huyo. Inaeleza namna anavyoweza kujiandaa ili swali hilo limkute tayari, hasa linapoulizwa na mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna mtu mwingine wa kumuuliza.

Gharama ya kosa moja

Watoto wote hukosea katika kuchagua. Mtoto wa mtumishi au wa mfanyabiashara huweza kuchagua tahasusi isiyomfaa, akahamishiwa kwingine. Akikosa nafasi ya serikali hulipiwa chuo binafsi. Akichukia fani aliyoanza hupewa mwaka wa kupumzika kwa mjomba wake mjini, kisha akaanza upya. Kila kosa lake lina mtu wa kulilipia.

Mtoto wa kaya isiyo na uwezo hana akiba hiyo. Mama yake amekwisha kuuza mbuzi kwa ajili ya sare, na hakuna mbuzi wa pili. Akijaza fomu vibaya, au akikosa cheti cha kuzaliwa siku kinapohitajika, safari huweza kukomea hapo. Umaskini, katika jambo hili, ni kupungua kwa idadi ya makosa ambayo kijana anaweza kuyamudu. Kutokana na ukweli huo ndipo kazi ya mnasihi inapopata maana yake. Anatakiwa aone kosa kabla halijatendeka, na pale linapokuwa limekwisha kutendeka, awe anaujua mlango wa pili.

Wahenga walisema penye nia pana njia. Methali hiyo hutamkwa sana katika mahafali, na wanafunzi huipigia makofi. Lakini nia wanayo. Mtoto anayetembea kilomita nane kwenda shuleni, au anayeishi katika chumba cha kupanga akijipikia mwenyewe jioni, amekwisha kuithibitisha nia yake. Asichokuwa nacho ni mtu wa kumwonesha njia ilipo, inafunguliwa lini na inagharimu kiasi gani.

Kazi iliyoanzia kwa vijana maskini

Kazi hii haikuzaliwa katika shule za matajiri. Mwaka 1908, katika mji wa Boston nchini Marekani, Frank Parsons alifungua ofisi ya ushauri wa kazi iliyowahudumia vijana wa mitaa iliyojaa wahamiaji, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa vipato vya chini walioshika kazi yoyote iliyotokea mbele yao. Parsons alifariki mwaka huohuo. Kitabu chake kuhusu uchaguzi wa kazi kilichapishwa mwaka 1909. Alifundisha kwamba uchaguzi mzuri una sehemu tatu: kijana ajijue mwenyewe, aijue kazi na masharti yake, kisha ahusishe mambo hayo mawili kwa fikra iliyo wazi.

Hapa nchini swali hilohilo liliulizwa kwa sura nyingine. Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Mwalimu Nyerere aliikosoa shule iliyowaandaa wachache kwa ajili ya ngazi inayofuata na kuwaacha wengi wakijiona wameshindwa. Miongo mingi imepita, nayo mazingira yamebadilika. Ada ya sekondari ya chini ilifutwa kuanzia Januari 2016, na ufutaji huo ukafikishwa Kidato cha Tano na cha Sita mwaka 2022. Watoto wengi zaidi wanafika Kidato cha Nne. Swali la wanakokwenda baada ya hapo limekuwa zito zaidi, kwa kuwa sasa linawahusu watoto wa kila kijiji.

Mafunzo ya mnasihi, basi, yanaweza kufuata sehemu zilezile tatu, na kuongezewa ya nne ambayo Parsons hakuihitaji sana katika mji wake: kuijua milango na tarehe zake.

Kumjua mtoto pamoja na kaya yake

Mnasihi huanza kwa kumsikiliza. Swali la "unataka kuwa nani?" husaidia kidogo, maana mtoto wa kijijini hujibu kwa kazi alizowahi kuziona: mwalimu, muuguzi, askari, dereva, na ile ya rubani aliyoisoma vitabuni. Maswali madogo hufungua zaidi. Je, ni kazi gani ya nyumbani anayoifanya bila kusukumwa? Majirani humwita kuwasaidia nini? Ni somo gani analolielewa hata mwalimu asipoingia darasani? Msichana anayetunza hesabu za genge la shangazi yake amekwisha kuonesha kipaji, hata kama hajui kwamba kinaitwa uhasibu. Mvulana anayefungua redio mbovu na kuifunga tena ikilia ameonesha kingine.

Baada ya kipaji hufuata kaya. Je, mtoto anaishi na nani? Je, kaya imo katika mpango wa kunusuru kaya maskini unaosimamiwa na TASAF? Je, kuna mzazi aliyefariki, na kama yupo, cheti cha kifo kilichukuliwa? Je, mtoto ana ulemavu uliothibitishwa na daktari? Maswali haya huonekana kama udadisi, lakini ndiyo yatakayoulizwa miaka michache baadaye na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na majibu yake yatahitaji karatasi. Mwalimu anayeyauliza mapema humpa mtoto muda wa kuzitafuta karatasi hizo bila haraka na bila gharama za kukimbizana.

Namna ya kuuliza ina uzito wake. Mtoto asiitwe mbele ya wenzake kwa jina la "watoto wa TASAF". Asisimamishwe mstarini ili ahesabiwe kuwa yatima. Mwanafunzi aliyeaibishwa mara moja hatarudi tena kwenye mlango wa mnasihi, na wenzake kumi waliomwona akiaibishwa hawatabisha hodi kabisa.

Kuijua kazi inavyofanyika

Walimu wengi walitoka shule ya sekondari wakaenda chuo, na kutoka chuo wakarudi shuleni. Ulimwengu wa kazi wanaoufahamu vizuri ni darasa. Mnasihi hana budi kutoka nje. Siku moja kwa muhula inatosha kuanzia: kwenye karakana ya uchomeleaji, kwenye zahanati, kwenye ghala la chama cha ushirika, kwa fundi umeme, kwa fundi cherehani mwenye wanagenzi watatu, kwa afisa ugani. Aulize mambo ambayo kijana angetaka kuyajua: kazi hii ilijifunzwa wapi na kwa muda gani? Vifaa vya kuanzia vinagharimu kiasi gani? Miezi gani wateja huwa wengi, na miezi gani hawaji? Ni jambo gani linaloumiza mwili?

Majibu hayo, yakiandikwa kwenye daftari, huwa hazina ya shule. Yana faida kuliko hotuba ya mgeni aliyefika kwa gari kueleza jinsi alivyofanikiwa. Mhitimu wa miaka mitatu iliyopita ambaye sasa ni fundi bomba mjini, au ambaye yuko chuo cha afya, akirudi kuzungumza na Kidato cha Tatu kwa saa moja, husikilizwa kwa namna ambayo mwalimu hasikilizwi. Wanafunzi wanaifahamu nyumba aliyotoka.

Hapa kuna mtego wa kuepukwa. Kwa muda mrefu ufundi umesemwa kuwa ni wa aliyeshindwa. Siku hizi upo mwelekeo mwingine: kudhani kwamba mtoto maskini, hata akifaulu vizuri, ni heri aende ufundi kwa kuwa ni karibu na ni rahisi. Humwambia mchagua jembe si mkulima. Mielekeo yote miwili inamhukumu mtoto kwa jambo lisilo uwezo wake. Msichana mwenye alama nzuri za Hisabati na Fizikia, ambaye baba yake ni kibarua wa mashamba, anastahili kuambiwa habari za uhandisi kwa ukamilifu uleule anaoambiwa mtoto wa mhandisi. Mvulana mwenye mikono ya useremala, awe wa kaya yoyote, anastahili kuambiwa kwamba seremala aliyesomea fani yake hujenga nyumba na kusomesha watoto.

Kuijua milango na tarehe zake

Sehemu hii ndiyo inayohitaji kujifunza zaidi, kwa kuwa taarifa zake hubadilika kila mwaka, na miongozo mingi ya udahili huandikwa kwa Kiingereza ambacho mzazi hawezi kukisoma na mwanafunzi hukisoma kwa shida. Mnasihi huwa mfasiri wa karatasi hizo.

Mlango wa kwanza hufungwa mapema kuliko watu wanavyodhani. Kozi nyingi za stashahada za afya hudai ufaulu wa Kemia, Baiolojia na Fizikia katika mtihani wa Kidato cha Nne. Fizikia ni miongoni mwa masomo ambayo mwanafunzi huruhusiwa kuyaacha kabla ya mtihani huo. Msichana anayetamani uuguzi, akaiacha Fizikia kwa sababu rafiki zake wameiacha, amefunga mlango wake akiwa na umri wa miaka kumi na mitano pasipo mtu yeyote kumwambia kwamba alikuwa akiufunga. Kwa hiyo unasihi wa kazi unaoanza Kidato cha Nne umechelewa. Unapaswa kuwapo siku masomo yanapochaguliwa.

Mlango wa pili ni tahasusi. Mwaka 2024 serikali iliongeza tahasusi mpya 49 juu ya 16 zilizokuwapo, zikawa 65. Uwanja umepanuka, na kwa mtoto asiye na mshauri upana huo unaweza kumchanganya. Mnasihi asome orodha yote, aulize ni shule zipi zinazotoa tahasusi zipi, na amwoneshe mwanafunzi kila tahasusi inaelekea kwenye kozi gani za chuo. Pamoja na hilo, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali katika elimu ya sekondari, ambapo mwanafunzi husoma fani ya ufundi sambamba na masomo mengine. Wazazi wengi bado hawajaeleweshwa tofauti ya mkondo huo na ule wa jumla.

Ipo pia milango ya pembeni, ambayo ndiyo mara nyingi humwokoa mtoto wa kaya maskini. Vyuo vya VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hupokea vijana wa viwango mbalimbali vya elimu. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975 na sasa ni 54, hufundisha stadi karibu na vijiji. Kijana aliyejifunza ufundi mtaani bila cheti huweza kupimwa na kutambuliwa kupitia urasimishaji wa ujuzi unaofanywa na VETA. Aliyeishia njiani huweza kurudi kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Tangu Novemba 2021, msichana aliyeacha shule kwa sababu ya ujauzito anaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi baada ya kujifungua. Ruhusa hiyo haina faida kwa msichana asiyeijua, au anayeijua lakini hana mtu wa kumshikia mtoto. Mnasihi atazame mambo yote mawili.

Kisha ziko fedha. Mikopo ya elimu ya juu ilizoeleka kuwa ya wanafunzi wa shahada. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024 imefikishwa pia kwa wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele. Mwombaji hupaswa kujaza fomu kwa njia ya mtandao, kulipa ada ya maombi, kuwa na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na kupata saini za viongozi wa mtaa au kijiji na za mwanasheria. Kila sharti ni dogo kwa mwenye nafasi. Kwa mtoto wa kijijini kila moja ni nauli. Mnasihi amweleze pia ukweli wa upande wa pili: mkopo ni deni, na aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake hadi alimalize. Kijana anayejua hivyo tangu mwanzo hukopa kwa akili.

Kwa wale watakaoanza kujiajiri, halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ofisi ya maendeleo ya jamii ndiyo yenye maelezo ya taratibu zake. Inasikitisha kwamba vijana wengi husikia habari za mikopo hiyo kwa mara ya kwanza wakati wa kampeni.

Cheti cha kuzaliwa

Ikiwa shule ina nguvu ya kufanya jambo moja tu, lifanyike hili. Mpango wa kusajili bila malipo watoto walio chini ya miaka mitano katika vituo vya afya na ofisi za kata ulianza mwaka 2013 na kuenea mkoa baada ya mkoa. Wanafunzi wengi walioko sekondari walizaliwa kabla mpango huo haujafika kwao. Wapo wasio na cheti. Wapo pia wenye cheti ambacho jina lake halilingani na lililoandikwa kwenye usajili wa mtihani: kwenye karatasi moja limeandikwa jina la babu, kwenye nyingine la ukoo, herufi "r" imegeuka "l", mwaka wa kuzaliwa umesogezwa.

Hitilafu hizo hazionekani kwa miaka minne. Huonekana katika wiki ya mwisho ya maombi ya mkopo au ya chuo, wakati marekebisho yanahitaji viapo, nauli na siku ambazo hazipo. Mnasihi anayekagua vyeti vya Kidato cha Kwanza, akaandika orodha ya wasionavyo na wenye majina yanayotofautiana, na kuipeleka kwa mtendaji wa kata na ofisi ya msajili wa wilaya, atakuwa amefanya kazi ya thamani kubwa kabla hajatoa ushauri hata mmoja.

Miezi isiyo na mwenyewe

Mtihani wa Kidato cha Nne hufanyika Novemba. Matokeo kwa kawaida hutoka Januari. Orodha ya waliochaguliwa kwenda Kidato cha Tano na vyuo hutangazwa karibu na katikati ya mwaka, na masomo huanza Julai. Kati ya Novemba na Julai mtoto si mwanafunzi wa shule yoyote. Shule aliyotoka imemfuta kwenye hesabu zake. Shule atakayokwenda haijamjua.

Katika miezi hiyo mengi hutokea. Anatokea mtu mwenye maneno mazuri anayetafuta msichana wa kazi za ndani mjini. Anatokea wakala wa kazi za nje ya nchi asiyetaja jina la mwajiri. Anatokea mpiga debe wa chuo kisichosajiliwa, anayedai ada ya nusu mwaka siku hiyohiyo. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 ipo, na usajili wa chuo unaweza kuulizwa kwa NACTVET. Lakini mtoto aliye peke yake haijui sheria wala hana wa kumuulizia.

Katika miezi hiyohiyo hufunguliwa nafasi ya kubadili machaguo kwa njia ya mtandao baada ya matokeo. Mtoto aliyefanya vizuri kuliko alivyotarajia huweza kupanda. Aliyefanya vibaya huweza kujisogeza kwenye chuo kitakachompokea. Asiye na simu ya intaneti wala habari hubaki na alichokijaza mwaka uliopita akiwa haijui hata alama yake moja.

Kisha hutoka majina. Mtoto amechaguliwa kwenda shule iliyo mikoa mitatu kutoka kwao. Ada haipo, lakini fomu ya kujiunga inataja godoro, shuka, sare, madaftari, rimu ya karatasi na vifaa vya usafi, na nauli haikutajwa popote. Asiporipoti kwa wakati nafasi yake hupewa mwingine. Elimu bila ada si elimu bila gharama, na ni wajibu wa mnasihi kuipiga hesabu hiyo pamoja na kaya tangu Novemba, ili ifikapo Julai godoro liwe limekwisha kupatikana kwa ndugu, kwa wanakijiji, kanisani au msikitini.

Jambo linalohitajika halina gharama kubwa: kabla ya Kidato cha Nne hakijatawanyika, mnasihi achukue namba ya simu ya mzazi, na ya jirani mmoja mwenye simu. Awaite wahitimu shuleni mara tatu katika miezi hiyo: wiki ya matokeo, wiki ya kubadili machaguo, na wiki majina yanapotangazwa. Mkuu wa shule aruhusu kompyuta ya shule itumike siku hizo.

Kuzungumza na mzazi

Mnasihi mwenye hekima humfuata mzazi nyumbani badala ya kumwita shuleni, ambako kwa miaka mingi ameitwa kwa michango na kwa makosa. Huanza na shikamoo na habari za shamba. Mama anaposema, "Amalize aje anisaidie na wadogo zake," hajakataa elimu. Amepiga hesabu ya mikono iliyopo na vinywa vilivyopo. Jibu linalofaa hutokana na hesabu hiyohiyo: kozi ni ya muda gani, mtoto ataanza lini kuingiza chochote, nani atachota maji wakati huo, na je, chuo cha karibu chenye masomo ya kutwa hakiwezi kuwafaa wote wawili?

Mara nyingine hesabu ya mzazi huvunja haki ya mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka maslahi ya mtoto mbele na inakataza kumtumikisha katika kazi za hatari. Hapo mnasihi huacha kuwa mpatanishi, na afisa ustawi wa jamii huitwa.

Mipaka ya mnasihi

Mnasihi hamchagulii mtoto. Humweka mbele ya milango miwili au mitatu, akamweleza bei na faida ya kila mmoja, akamwacha afikiri, kisha akaheshimu jibu lake. Mtoto aliyechaguliwa njia na mwalimu huiacha njia hiyo siku ya kwanza inapomchosha.

Mnasihi hatoi ahadi asizoweza kuzitimiza. Maneno "usijali, mkopo utapata" yamewaumiza wengi. Iliyo sahihi ni kusema: "Vigezo ni hivi, karatasi zako zimekamilika, na ukikosa, tutafuata njia hii nyingine."

Mnasihi hutunza siri. Habari za ugonjwa wa mzazi, za umaskini wa kaya au za ujauzito hazizungumzwi kwenye chumba cha walimu. Daftari lake hufungiwa kabatini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu pia taarifa za watoto zilizo mikononi mwa shule. Mahali pekee siri inapofunguliwa ni pale usalama wa mtoto unapokuwa hatarini, na hapo hufunguliwa kwa mhusika wa ustawi wa jamii au wa dawati la jinsia na watoto la polisi, si kwa mwingine.

Namna ya kuingia katika kazi hii

Mwalimu anayependa kuifanya kazi hii kwa kina anaweza kujiendeleza katika masomo ya saikolojia na unasihi yanayotolewa na vyuo vikuu nchini, ambapo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania huwawezesha walio kazini kusoma bila kuacha vituo vyao. Asiye na nafasi hiyo sasa asisubiri cheti. Daftari la kazi za wilaya, orodha ya vyeti, kalenda ya tarehe na namba za simu za wahitimu ni vitu ambavyo mwalimu yeyote mwenye bidii anaweza kuvianza Jumatatu.

Uteuzi nao utazamwe upya. Mnasihi asiteuliwe kwa kuwa ndiye mwalimu mgeni au mwenye vipindi vichache. Ateuliwe yule ambaye watoto tayari humwendea. Inafaa wawepo wawili, mwanamke na mwanamume, na wapewe chumba, hata kiwe stoo iliyosafishwa, ambamo mtoto anaweza kuzungumza bila kusikiwa.

Mambo yanayopendekezwa kwa halmashauri

Kwanza, wakuu wa shule wapunguze walau vipindi vinne kwa wiki kwa kila mnasihi. Pili, idara za elimu sekondari, maendeleo ya jamii, ustawi wa jamii na mratibu wa TASAF wakutane na wanasihi mara moja kila muhula ili wapeane orodha na tarehe. Tatu, siku ya vyeti vya kuzaliwa ipangwe kwa kila kata, msajili akiwafuata wanafunzi shuleni. Nne, kila shule itoe taarifa ya mahali alipo kila mhitimu mwaka mmoja baada ya mtihani, kando ya ile ya ufaulu. Shule inayojua idadi ya waliopata daraja la kwanza lakini haijui walipo waliopata daraja la nne imeandika nusu ya taarifa.

Ndugu walimu, mwezi Novemba wanafunzi wataweka kalamu chini, watabeba magodoro yao na kuondoka. Wengine watasindikizwa na baba wenye magari na mipango. Wengine watatembea kwa miguu hadi nyumbani, na mtu pekee aliyesoma wanayemfahamu kwa jina ni mwalimu wao. Kabla hawajafika getini, mwalimu huyo awe na namba zao za simu.